Kutunza Pikipiki Kuukuu Kituku
Pikipiki kuukuu inayobeba mizigo Kituku, soko na bandari ndogo ya Goma kando ya Ziwa Kivu, haihitaji kutengenezwa yote kwa siku moja. Breki hutangulia, kisha tairi na mnyororo. Rangi mpya haijawahi kusimamisha pikipiki. Adui mkubwa wa injini ni vumbi la mawe ya volkano ya Nyiragongo: likipenya chujio la hewa lililochakaa, husaga ringi za pistoni na silinda, kisha moshi wa bluu huanza kutoka. Oili nzito zaidi huuficha kwa muda tu. Mnyororo uliolegea hukazwa, lakini meno ya sproketi yakishachongoka, vyote hubadilishwa pamoja, kwani meno mabovu humaliza mnyororo mpya upesi.