Unaenda Guangzhou kuchukua mzigo? Hivi ndivyo metro inavyotumika bila kupotea

Mfanyabiashara anayetua Guangzhou kwa mara ya kwanza akitokea Dar es Salaam, Nairobi au Kampala huwa na mawazo mawili kichwani: hela ya mzigo aliyonayo, na namna ya kufika hotelini bila kuzungushwa. Wengi huishia kwenye teksi, na kila siku nauli inatoka mfukoni bila hesabu.

Wakati huohuo, chini ya ardhi kuna treni inayopita karibu na masoko mengi anayoyatafuta. Metro ya Guangzhou ilianza mwaka 1997 na leo ina zaidi ya kilomita 600 za reli.

Kinachowazuia wageni ni hofu ya kupotea. Lakini ndani ya treni si rahisi kupotea: majina ya vituo yameandikwa pia kwa herufi za Kilatini, na kila kituo hutangazwa kwa Kichina na kwa Kiingereza. Mgeni hupotea kabla ya kupanda, kwa kutojua jina kamili la kituo, au baada ya kushuka, kwa kutokea mlango usio wake.

Maandalizi yaanze nyumbani

Huduma za Google na WhatsApp zimefungiwa kwenye mtandao wa China. Anayetegemea ramani ya Google akifika kule anaweza kubaki ameduwaa, simu mkononi na bando limejaa.

Ni vizuri programu mbili ziwe zimeshapakuliwa kabla ya safari. Ya kwanza ni Alipay, ambayo inakubali kuunganishwa na kadi ya Visa au Mastercard kwa kutumia pasipoti. Ya pili ni Amap, ramani ya Wachina wenyewe. Kuunganisha kadi ukiwa nyumbani ni rahisi zaidi, kwa sababu benki inaweza kutuma namba ya uthibitisho kwenye laini ya simu ya nyumbani.

Kitu cha tatu hakihitaji intaneti kabisa: picha ya anwani ya hoteli iliyoandikwa kwa Kichina, iliyohifadhiwa kwenye simu. Dereva au mpita njia asiyejua Kiingereza ataisoma mara moja. Jina la hoteli kwa Kiingereza huenda halimwambii chochote.

Kutoka uwanja wa ndege hadi Xiaobei

Uwanja wa ndege wa Baiyun unahudumiwa na Laini 3. Jengo la abiria namba 1 lina kituo cha Airport South, na jengo namba 2 lina Airport North.

Kwa anayekwenda Xiaobei, mtaa ambao wafanyabiashara wa Kiafrika wanaufahamu sana kwa jengo la Tianxiu, safari ni hivi:

1. Panda Laini 3 kuelekea mjini, shuka Jiahewanggang.
2. Hamia Laini 2 inayoelekea kusini, shuka kituo cha treni cha Guangzhou, ambacho Wachina hukiita Huochezhan.
3. Hamia Laini 5 kuelekea mashariki. Kituo kinachofuata tu ni Xiaobei.

Anayekwenda Sanyuanli, upande wa maduka ya mikoba na bidhaa za ngozi, hana haja ya Laini 5. Sanyuanli iko kwenye Laini 2, kituo kimoja kabla ya Huochezhan.

Kosa la kawaida wakati wa kubadili laini ni kupanda treni inayokwenda upande wa pili. Mabango hutaja kituo cha mwisho cha laini. Kwa hiyo, kwenye Laini 2, anayekwenda mjini kutoka Jiahewanggang afuate bango la Guangzhou South Railway Station, hata kama yeye hafiki huko.

Nauli inahesabiwa kwa kilomita

Nauli huanzia yuan 2 kwa kilomita 4 za kwanza. Hadi kilomita 12, inaongezeka yuan 1 kila baada ya kilomita 4. Kuanzia hapo hadi kilomita 24, inaongezeka yuan 1 kila baada ya kilomita 6, na zaidi ya hapo ni yuan 1 kwa kila kilomita 8. Yaani safari ya kilomita 20 ni yuan 6.

Kuna njia tatu za kulipa. Mwenye Alipay anafungua msimbo wa usafiri wa Guangzhou kwenye simu na kuuonyesha getini, anapoingia na anapotoka. Wa pili ananunua kadi ya Yang Cheng Tong, ambayo hujazwa hela na kutumika kwenye metro na mabasi. Wa tatu ananunua tiketi ya safari moja kwenye mashine.

Tiketi hiyo si karatasi. Ni duara dogo la plastiki mfano wa sarafu. Wakati wa kuingia linaguswa getini, wakati wa kutoka linatumbukizwa kwenye tundu. Likipotea katikati ya safari, geti halifunguki, na abiria atalazimika kwenda dirisha la huduma. Lisichanganywe na chenji mfukoni.

Kwa wanaotumia pesa taslimu, ni vizuri kuwa na noti ndogo, kama yuan 5 na 10. Mwenye noti ya 100 aanzie dirisha la huduma akavunjiwe.

Kabla ya geti kuna ukaguzi wa mizigo. Begi hupita kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Metro inamfaa mwenye begi la nguo na sampuli. Mabelo ya mzigo yana magari yake.

Maneno manne yanayookoa safari

Nan ni kusini, bei ni kaskazini, dong ni mashariki, xi ni magharibi. Maneno haya mafupi yamewakosesha watu treni zao.

Guangzhou ina zaidi ya stesheni moja kubwa ya treni za mikoani. Kuna Guangzhou, kuna Guangzhou Dong, kuna Guangzhou Baiyun, na kuna Guangzhou Nan, ambayo iko mbali kusini mwa jiji na ndiyo stesheni kuu ya treni za mwendo kasi. Mwenye tiketi iliyoandikwa Guangzhounan akienda stesheni ya Guangzhou kwa sababu tu majina yanafanana, atakuwa ameachwa. Kutoka stesheni moja hadi nyingine ni safari nzima ya Laini 2.

Kwa hiyo kabla ya kutoka hotelini, jina la kituo lisomwe hadi herufi ya mwisho.

Uliza herufi ya mlango

Kituo kimoja cha metro kinaweza kuwa na milango mingi, na kila mlango una herufi yake: A, B, C, D na kuendelea. Milango hiyo hutokea pande tofauti za barabara kubwa, ambazo nyingine hazivukiki kwa miguu juu. Aliyetokea mlango usio wake anaweza kujikuta ng'ambo ya barabara ya juu, na jengo analolitafuta analiona ila halifikii.

Mwenyeji au muuzaji akielekeza njia, swali la pili baada ya jina la kituo liwe: mlango gani? Akishatokea mlango usio wake, dawa ni kurudi chini na kufuata mabango, siyo kukatiza barabara.

Wakati wa kuiacha metro

Treni hazikeshi. Nyingi husimama karibu na saa 5 au 6 usiku, kwa hiyo anayetua usiku wa manane apange teksi ya foleni rasmi ya uwanja wa ndege na kumwonyesha dereva ile picha ya anwani.

Asubuhi na jioni watu wanapokwenda na kutoka kazini, Laini 3 hujaa kupita kiasi, hasa kituo cha Tiyu Xilu. Mwenye begi kubwa asubiri saa hizo zipite.

Mabasi ni nafuu, nauli ya kawaida ikiwa yuan 2, lakini hayarudishi chenji, na majina ya vituo mara nyingi ni ya Kichina kitupu. Mgeni ayaache hadi azoee mji.

La mwisho ni pasipoti. Sheria ya China inamtaka mgeni mwenye miaka 16 na kuendelea atembee nayo, na polisi wanaweza kuiomba mtaani au kituoni. Hela inaweza kugawanywa, nyingine ikabaki hotelini. Pasipoti itoke na mwenyewe.