Kuhesabu Atomu Adimu: Kazi ya Harry Gove na Umri wa Tope la Ziwa Victoria

Mtu asimamaye ufukoni Musoma, au kando ya Ghuba ya Speke upande wa Bunda, huona maji yasiyo na ukomo. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa Ziwa Victoria liliwahi kukauka, likaanza kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Umri huo ulijulikanaje? Ulipimwa kwa kaboni-14 iliyomo katika tope la chini ya ziwa.

Kaboni-14 ni isotopu adimu mno: katika kiumbe hai, ni atomu moja tu kati ya takriban atomu bilioni 1,000 za kaboni. Kiumbe akifa haipokei tena, na iliyomo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730. Kwa mfano, kaa la jiko la kale likichimbuliwa Butiama na kukutwa na robo ya kaboni-14 ya awali, umri wake ni miaka 11,460 hivi.

Njia ya kwanza, iliyobuniwa na Willard Libby wa Marekani katika miaka ya 1940, ilikuwa kungoja atomu zivunjike na kuhesabu mnururisho wake. Lakini gramu 1 ya kaboni hai ina atomu za kaboni-14 zipatazo bilioni 60, na kwa dakika moja huvunjika 14 tu.

Mwanafizikia Harry Gove, aliyezaliwa Kanada mwaka 1922, alikuwa amechunguza viini vya atomu kwa miaka mingi. Mwaka 1977, katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, yeye na wenzake, wakiwemo Ted Litherland na Kenneth Purser, walizihesabu atomu zenyewe kwa mashine ya kuongeza kasi ya chembe. Kikwazo kilikuwa nitrojeni-14, ambayo uzito wake unakaribiana mno na ule wa kaboni-14. Ila nitrojeni haidumu ikiwa ioni hasi, ilhali kaboni hudumu. Basi ziliingizwa ioni hasi tu, na nitrojeni ikaachwa nje. Molekuli zenye uzito kama huo zilivunjwavunjwa ndani ya mashine baada ya kusukumwa kwa volti mamilioni.

Tangu hapo miligramu 1 ya kaboni hutosha mahali palipohitaji gramu nzima. Gove alifariki mwaka 2009.

Manufaa yake hayaishii kwenye tope. Ziwa hili lina mamia ya aina za furu zisizopatikana kwingineko. Ikiwa lilikauka kabisa, hapana budi wengi wao walitokea katika miaka 15,000 tu. Ikiwa madimbwi yalisalia, hoja hiyo hudhoofika. Ndiyo maana wanabiolojia wanaujadili umri huo hadi leo.