"Pole" yetu si "sorry" yao

Hapa kwetu Mwabungo vijana wengi hutafuta riziki katika mahoteli ya Diani na Galu. Kiingereza cha vitabuni wanacho, lakini cha kazini kina mitego yake.

Wa kwanza ni neno "pole". Mgeni akijikwaa ngazini, adabu yetu ni kumpa pole. Kijana husema "sorry", na mgeni huenda akadhani anakiri kosa. Nilimshuhudia mhudumu mmoja akiitwa na mkubwa wake kujibu shitaka la sakafu yenye maji, ilhali yeye alikuwa akipita tu. Angeuliza "Are you all right?" yangekwisha pale pale.

Wa pili ni swali la kukanusha. Mgeni huuliza, "You haven't brought my tea?" Sisi hujibu "Yes", yaani ndivyo, sijaileta. Yeye husikia kwamba imeletwa! Kwa Kiingereza jibu ni "No", na bora kuliko hilo ni "Not yet, it is coming."

Wa tatu ni "yeye" wetu, ambaye ni mume na mke pia. Mwingereza humtenga mwanamume kwa "he" na mwanamke kwa "she". Ukimpa bibi "he" mbele ya mumewe, utachekwa au utanuniwa.

Ndugu msomaji, kuuliza si ujinga. Baada ya isha, wenye kazi na wakae barazani na wanaoitafuta, mmoja awe mgeni, mwengine mhudumu, wajibizane kwa sauti. Kijana asije akapoteza mkate wake kwa kuwa na adabu.