Ramani ya kompyuta nayo iulizwe

Ndugu wasikilizaji, mtu akituletea ramani iliyochorwa kwa mkono tunaitilia shaka. Akituletea iliyochorwa na kompyuta, yenye rangi za kupendeza, tunanyamaza. Wiki hii nataka kueleza kwa nini hiyo ya pili nayo yafaa iulizwe maswali.

Mimi mwenyewe nilikwenda kusoma shahada ya uzamili katika mifumo ya taarifa za kijiografia nikidhani nakwenda kufundishwa kubonyeza vitufe. Kumbe vitufe ndiyo sehemu ndogo kabisa.

Kwa maneno mepesi, mfumo huo ni kompyuta inayohifadhi habari za vitu pamoja na mahali vilipo. Fikirini karatasi kadhaa za plastiki inayopitisha mwanga. Ya kwanza imechorwa mito, ya pili barabara, ya tatu nyumba, ya nne visima. Zikipangwa moja juu ya nyingine, mnaweza kuuliza: nyumba ngapi ziko karibu na mto? Kisima kipi kiko chini ya vyoo? Roger Tomlinson aliianza kazi hii nchini Kanada katika miaka ya 1960, serikali ilipotaka kujua ardhi yake ipi yafaa kwa kilimo na ipi kwa misitu.

Zoezi langu la kwanza lilinitia aibu. Nilichukua mto kutoka ramani ya zamani ya Dar es Salaam, nikaweka juu yake nyumba zilizopimwa kwa kifaa cha setilaiti. Kompyuta ikachora bila kunung'unika. Nyumba kadhaa zikaonekana zimo katikati ya maji! Nikaanza kuwalaumu wenye nyumba. Mwalimu akaniuliza swali moja tu: "Namba hizi zimehesabiwa kuanzia wapi?"

Dunia si duara kamili. Imebonyea kidogo kwenye ncha zake. Kwa hiyo wapimaji huchagua umbo la kuikadiria, ndipo wahesabu. Ramani za zamani za Afrika Mashariki zilitumia msingi uitwao Arc 1960, wenye umbo lililokokotolewa na Clarke mwaka 1880. Vifaa vya setilaiti hutumia msingi mwingine, wa mwaka 1984. Namba zile zile za latitudo na longitudo, zikisomwa kwa misingi hiyo miwili, hapa Dar es Salaam huangukia mahali pawili palipoachana zaidi ya mita 200. Ni sawa na watu wawili wanaohesabu hatua mia moja uwanjani, mmoja akianzia golini, mwingine akianzia getini. Wote wamehesabu sawasawa, lakini hawatakutana.

Nilipobadilisha msingi, nyumba zilitoka majini. Hakuna aliyekuwa amehama.

Mtasema hayo ni mambo ya darasani. La hasha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Bonde la Msimbazi lilifurika vibaya Desemba 2011, na Desemba 2015 nyumba nyingi za humo zilibomolewa. Sisemi kwamba zilibomolewa kwa ramani mbovu, wala sisemi watu wajenge kwenye njia ya maji. Nasema kwamba pale ambapo mita 60 ndizo zinaamua nani abaki na nani aondoke, kosa la mita 200 si dogo.

Kuna jambo la pili, nalo ni kipimo. Katika ramani ya moja kwa 50,000, milimita moja ni mita 50. Mstari wa mto wenye unene wa nusu milimita peke yake umefunika mita 25 za ardhi. Kompyuta itakuruhusu uukuze mstari huo mpaka ujae kioo kizima, lakini kuukuza hakuufanyi uwe sahihi zaidi.

La tatu ni kwenda kuona. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwapeleka wanafunzi wa vyuo mitaani, katika kata kama Tandale, wakachora mitaro na njia pamoja na wakazi wenyewe. Mama aliyehamisha magodoro yake usiku anajua maji yalifika wapi ukutani. Setilaiti iliyo juu haijui.

Basi, ndugu wasikilizaji, siku afisa atakapokuja na ramani mtaani kwenu, mpokeeni kwa heshima, kisha mwulizeni: imepimwa lini? Kwa msingi gani? Kwa kipimo gani? Nani alikuja hapa kuhakiki? Mtaalamu wa kweli hatakasirika, maana hayo ndiyo maswali aliyofundishwa kujiuliza mwenyewe.

Kwaherini hadi wiki ijayo.