Bedford ya mwaka gani? Chasisi ndiyo ijibu

Kabla ya kuitwa Kipkelion, mji huu ulikuwa Lumbwa, na sifa yake kubwa ilikuwa stesheni. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 haikupanda hadi Kericho, kwa hiyo Brooke Bond na Finlay walipoanza kupanda chai huko katikati ya miaka ya 1920, shehena ilishuka kwa barabara hadi Lumbwa ndipo ipakiwe kwenye mabehewa. Malori yana historia ndefu hapa.

Leo anayetaka kununua Bedford au Albion iliyoota nyasi nyuma ya boma huuliza kwanza: ni ya mwaka gani? Muuzaji hutaja mwaka bila kusita. Jibu hilo mimi huwa silibebi mbali.

Swali lenyewe lina walakini. Kuyaita magari kwa "modeli ya mwaka" ni desturi ya Wamarekani, ambao gari la mwaka ujao huanza kuliuza mwaka huu. Kwa malori ya Uingereza, yaliyotapakaa Kenya enzi hizo, utaratibu huo haukuwa na maana kubwa. Bedford TJ, ile yenye pua, ilitoka mwaka 1958. TK, yenye kichwa bapa na injini nyuma ya kiti cha dereva, ilifuata 1959 na ikaundwa hadi miaka ya 1980, sura ikibadilika kidogo sana. Sura basi hukwambia tu kwamba lori haliwezi kuwa la kabla ya mwaka fulani. Albion ina nafuu. Kampuni hiyo ya Glasgow ilinunuliwa na Leyland mwaka 1951, na jina lake likaondolewa kwenye malori mwaka 1972. Ukilikuta jina hilo kwenye grili, na hakuna fundi aliyelihamisha kutoka lori jingine, umepata kikomo.

Kitabu cha gari kinasaidia, ila kisome kwa makini: mwaka wa kusajiliwa si lazima uwe mwaka wa kuundwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 malori mengi yaliletwa vipande vipande ndani ya makreti, yakaunganishwa Thika kwa Leyland, Mombasa, au Nairobi kwa General Motors, kampuni iliyoanzishwa 1975 na ambayo sasa ni Isuzu East Africa. Vipande vilivyotoka Uingereza mwaka mmoja vingeweza kuingia barabarani mwaka mwingine. Namba ya usajili nayo hukupa kadirio tu: herufi tatu na tarakimu, bila herufi ya mwisho, ni usajili wa kabla ya miaka ya 1990.

Kinachobaki ni chuma. Tafuta namba iliyogongwa kwenye reli ya chasisi, kwa kawaida upande wa mbele karibu na gurudumu. Toa matope na grisi kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, kisha paka chaki. Tarakimu zilizofifia zitajitokeza. Namba hiyo ndiyo hulinganishwa na orodha za kiwanda. Kibati cha kwenye kabini nakiamini kidogo, maana misumari yake miwili hung'oka kwa bisibisi.

Halafu kagua vifaa vidogo. Dainamo na stata za Lucas ziligongwa tarehe, mara nyingi wiki na mwaka. Dainamo ya 1966 haithibitishi kwamba lori ni la 1966, kwa sababu huenda ilitoka kwenye gari jingine. Lakini dainamo, stata na mota ya waipa zikikubaliana ndani ya miezi michache, hapo una ushahidi. Injini iache mwisho. Katika nchi ya milima na matope kama hii, lori la umri huo limebadilishwa injini pengine zaidi ya mara moja.

Jihadhari na mjuzi anayedai kwamba herufi ya kumi ya namba ya chasisi ndiyo mwaka. Kanuni hiyo ni ya namba za tarakimu na herufi 17, zilizolazimishwa Marekani kuanzia magari ya 1981. Bedford ya miaka ya 1960 ina namba fupi, na Isuzu nyingi za Kijapani hazikuandika mwaka kwenye namba kabisa.

Ukienda kununua, beba brashi, chaki na tochi, na usitoe hata shilingi ya amana kabla ya kuisoma chasisi mwenyewe. Namba yake ikitofautiana na ya kitabu, ondoka: hapo umri wa lori si swali tena, ni kesi.