Uthabiti wa Matoleo na Wingi wa Mashine katika Programu Huria: Mfano wa Debian

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza mvutano uliopo baina ya mambo mawili yanayotarajiwa katika mradi wa programu huria: kutoa matoleo thabiti kwa wakati, na kuhudumia mashine za aina nyingi. Mfano utakaotumika ni Debian, mfumo ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993 na unaotengenezwa na watu wanaojitolea.

2.0 Utaratibu wa Ngazi Tatu

Programu mpya huingia kwanza katika ngazi isiyo thabiti. Baada ya siku kadhaa, ikiwa haikuzua kasoro kubwa mpya, na ikiwa imeundwa kwa prosesa za aina zote zinazohusika, hupanda hadi ngazi ya majaribio. Ngazi hiyo ndiyo ambayo hatimaye hufungwa, ikasafishwa na kutangazwa kuwa toleo thabiti. Ni dhahiri basi kwamba aina moja inayokawia huweza kuzikwamisha zote.

3.0 Gharama, Faida na Mwafaka

Toleo 3.0 la Julai 2002 lilihudumia aina 11 za prosesa. Toleo 3.1 lilitoka Juni 2005, takriban miaka mitatu baadaye. Wingi wa mashine haukuwa sababu pekee. Programu ya kusakinisha nayo iliandikwa upya. Hata hivyo, Machi 2005 ilipendekezwa kwamba aina nne tu zibakie katika matoleo yajayo. Pendekezo hilo lilipingwa vikali.

Yafaa ieleweke kuwa wingi una faida yake. Prosesa hutofautiana katika mpangilio wa baiti za namba. Kwa hiyo kosa linalojificha katika mashine moja hufichuka katika nyingine.

Mwafaka uliopatikana ni masharti: kila aina iwe na watunzaji wa kutosha na mashine zenye kasi ya kuunda programu kwa wakati. Aina ya m68k, iliyokuwamo tangu toleo 2.0 la 1998, iliachwa katika toleo 4.0 la Aprili 2007. Hata hivyo haikufa. Waliohitaji waliendelea kuitunza kando, bila kuwachelewesha wengine.

4.0 Hitimisho

Mwanaisimu ataliona jambo hili kuwa si geni. Kiunguja kilipofanywa msingi wa Kiswahili Sanifu, lahaja nyingine hazikufutwa, lakini zilikosa nafasi ya kufundishiwa shuleni. Vivyo hivyo, kuachwa nje ya toleo kuna waathirika. Toleo 13 la Agosti 2025 liliikaribisha riscv64, lakini halisakinishwi tena katika kompyuta kuukuu za biti 32 za aina ya i386. Uamuzi wa namna hiyo huenda ukawa wa lazima. Haki yake hutegemea masharti yanayojulikana mapema, na mlango ulioachwa wazi kwa wanaotaka kuendelea.