Mikoko ya Gazi

Je, umewahi kutembea katika tope la mikoko maji yakipwa? Tazama chini. Kaa wanakimbilia mashimoni. Tazama katika madimbwi kati ya mizizi. Utaona kamba na samaki wadogo sana. Hapo hujificha mpaka wakue, kisha hutoka kwenda baharini. Ukikata mikoko, umewavunjia nyumba.

Gazi ni kijiji cha wavuvi huko Kwale, pwani ya Kenya. Kina hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Katika miaka ya 1970 mikoko mingi ya hapo ilikatwa ikawa kuni za viwanda. Upande wa baharini ulibaki wazi. Miaka ikapita, miti haikurudi yenyewe. Miti mama ya kudondosha mbegu haikuwapo, na mawimbi yalipiga bila kizuizi. Katika miaka ya 1990 wataalamu na wanakijiji walianza kupanda.

Kupanda mkoko ni rahisi. Mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti. Huning'inia kama fimbo fupi ya kijani. Ikikomaa, huanguka. Okota iliyo nzima, isiyotobolewa na wadudu. Ichomeke topeni, ncha ya mzizi ikiwa chini. Piga hatua moja, chomeka nyingine.

Kazi ngumu ni kuchagua mahali. Mahali pengi duniani watu wamepanda maelfu ya mikoko penye mawimbi makali, ikafa yote. Kila mti una mahali pake. Mlilana husimama mbele, karibu na bahari. Mkoko hupenda katikati, penye tope laini. Mchu huvumilia chumvi nyingi, hata karibu na nchi kavu. Basi kabla ya kupanda, waulize wazee: hapa palikuwa na mti gani?

Mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni walianza mradi wa Mikoko Pamoja. Wanatunza hekta 117. Miti huvuta hewa ya ukaa na kuiweka katika mashina, mizizi na tope. Watu wa nchi nyingine hulipa ili hewa hiyo ibaki humo. Fedha hizo zimesaidia kuleta maji na vifaa vya shule.

Utauliza, kuni na nguzo za nyumba zitoke wapi? Wanakijiji wamepanda mivinje nchi kavu. Hiyo hukua haraka, na nguzo zake zimenyooka.